Mkono wa Afande, Vidole vya Papa Byamungu

Nyie mnaokuja kwangu na simu mkononi mkitaka niwaonyeshe kusuka mota, kaeni kwanza, na simu ziende mfukoni. Najua zina picha za mtu wa mbali akisuka mota. Mmenionyesha, na kweli yule bwana ana mikono misafi kuliko yangu. Lakini hajawahi kuchuna waya kutoka kwenye mota iliyoungua ili ausukie nyingine. Wala hajafundishwa na walimu wawili wasiopatana hata juu ya mkono wa kutumia. Mimi nilifundishwa hivyo, na mpaka leo nikiwaza siku zile za Ruti moyo unanijaa, nacheka peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili.

Mwaka huu wa 2015 macho yamegoma. Waya mwembamba nauona kuwa miwili, na mnene nauona kuwa ukungu. Basi spana nimeziweka chini, mdomo ndio umebaki kazini, na mdomo wangu mnaujua.

Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, mwaka 1996 kutoka Kivu Kusini, msichana anayejua kulima muhogo na kuimba kwaya, basi. Jirani yetu kambini alikuwa Papa Byamungu, mzee mrefu, mkimya, nadhifu hata alipokuwa na shati moja. Huko kwetu alikuwa fundi wa mota katika kiwanda karibu na Uvira. Siku moja alinikuta namsuka mwenzangu nywele nje ya turubai letu. Akasimama muda mrefu akitazama vidole vyangu, mpaka yule mwenzangu akaanza kuona haya.

"Wewe mutoto," akasema, "hizi vidole biko na kazi ingine. Mutu anasuka nywele namna hii anaweza kusuka hata motere."

Nikadhani mzee ananitania. Kumbe alikuwa ameshapata kazi Mbarara, katika gereji moja kule Ruti, kando ya barabara ya Kabale, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwa vizito kwa waya mwembamba. Wiki iliyofuata nilikuwa juu ya lori la ndizi pamoja naye, naenda kujifunza kusuka upya.

Mwenye gereji alikuwa sajenti mstaafu, Kamugisha, Mnyankore mfupi mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima. Jeshini alikuwa fundi wa magari, na hata baada ya kustaafu, wanajeshi wa kule barakisi, yaani kambini kwao, walimletea dainamo na mota zao za kuwashia magari. Sote tulimwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi, kifupi na cha kuamrisha. Cha Papa Byamungu kilikuwa cha kwetu Kongo, chenye Kifaransa ndani yake. Wote wawili walisema Kiswahili, na nusu ya siku walikuwa hawaelewani.

Mfano ni ile siku ya makala. Ndani ya dainamo kuna vipande viwili vidogo vyeusi vinavyogusa ile sehemu inayozunguka na kuipitishia umeme. Wafaransa huviita kwa jina la makaa, na sisi Wakongo tukaviita makala, maana makaa kwetu ni makala. Papa Byamungu akamwambia Afande kazi imesimama, anaomba makala mapya. Afande akaenda. Akarudi na gunia zima begani, jasho linamtoka, akalibwaga mlangoni. Kwao Ankole amakara ni makaa ya jiko.

"Mzee, amakara hiyo. Mingi. Pika sasa, kula, halafu fanya kazi."

"Afande, miye sikuomba ya kupikia. Makala ya motere. Ile kadogo inagusaka pale."

Afande akatazama kale kadude, akatazama gunia, akavua kofia. "Hiyo ni bulashi, mzee. Kwa nini wewe nasema amakara?" Tulipikia maharage makaa yale mwezi mzima, na kila sufuria ilipochemka mmoja wao alimuuliza mwenzake kama mota imeiva.

Sasa sikilizeni somo lenyewe, maana bila hili yanayofuata mtayasikia kama hadithi za sungura.

Papa Byamungu alinifundisha mota kwa waya mmoja. Aliukunja ukawa fremu, kama ya dirisha dogo, akauweka katikati ya sumaku mbili za spika kuukuu zilizotazamana, akaupitishia umeme wa mawe ya tochi. Waya wenye umeme ukikaa karibu na sumaku, husukumwa. Lakini tazama ujanja wake: katika upande mmoja wa fremu umeme unakwenda, katika upande wa pili unarudi. Kwa hiyo upande mmoja unasukumwa juu na mwingine chini. Ni kama watu wawili wanaogeuza godoro kitandani, mmoja anainua, mwenzake anabonyeza. Fremu inazunguka.

Ila ikizunguka robo tu, inafika mahali inaposimama wima mbele ya sumaku, na pale zile nguvu mbili hazizungushi tena, zinavutana tu kwenda nje, kana kwamba zinataka kuipasua fremu. Papa Byamungu aliita mahali hapo fasi ya kufa. Fremu hufika pale kwa mwendo wake, ikapitiliza kidogo, na kama umeme ungebaki vilevile ingerudishwa nyuma, iyumbe na kusimama. Ndiyo maana kuna komuteta, ule mviringo wa shaba uliokatwa vipande. Fremu inapopita fasi ya kufa, vipande vinabadilishana makala, umeme ndani ya fremu unageuka, na nguvu inaendelea kusukuma upande uleule. Mota ya kweli ina fremu nyingi zilizosukwa pamoja, kila moja imeinama kivyake, ili moja ikiwa imekufa nyingine iwe na nguvu zote.

Nilipoiona fremu ile ikizunguka kwa mawe ya tochi, nililia. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeacha mengi kule nyuma, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichoona kinakwenda sawasawa tangu tulipokimbia.

Nikauliza, je, nitajuaje fremu itazunguka kwenda wapi, kulia au kushoto? Hapo ndipo ugomvi wa wazee wangu ulipoanzia, na haukuisha.

Papa Byamungu aliinua mkono wa kulia, akanyosha vidole vitatu, kila kimoja upande wake. Dole gumba ni umeme, yeye aliuita kuran. Kidole cha pili ni sumaku. Cha katikati ni nguvu, yaani kule waya utakakosukumwa. Afande akamsikia kutoka chini ya gari, akatambaa akatoka, amepaka grisi mpaka masikioni.

"Mzee, wewe nafundisha vibaya. Mkono ya mota ni kushoto. Mimi nasoma hiyo kwa jeshi. Dole gumba nguvu, hii ya pili sumaku, hii ya katikati umeme. Kushoto."

"Afande, kwetu batu hawaonyeshake kitu na mukono ya kushoto. Ule ni mukono ya fasi ya siri. Unaweza kuonyesha mutoto ya watu kitu na ule mukono?"

"Umeme haijui heshima yako, mzee."

"Umeme haijui. Miye njo najua."

Siku ya pili Afande alichora mkono wa kushoto ukutani kwa chokaa, mkubwa kama ungo. Papa Byamungu akauning'inizia koti lake. Ikawa hivyo kila asubuhi, koti linaning'inizwa, koti linaondolewa. Na cha ajabu ni kwamba mota zote walizozipima, mmoja kwa kulia na mwingine kwa kushoto, walipata jibu moja. Mkilinganisha vizuri mtaona mmoja ameanza na umeme akamaliza na nguvu, mwingine ameanza na nguvu. Mimi wakati ule sikulinganisha. Niliwapenda wote wawili, nikachukua kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, kama mtoto anayekula kwa mama na kwa nyanya.

Miaka ikapita hivyo, na ilikuwa miaka mizuri. Nilijifunza kunusa mota kabla ya kuifungua. Iliyoungua ina harufu chungu isiyosahaulika. Nilijifunza kusafisha komuteta kwa msasa wa mbao, kamwe si ule mweusi wa chuma, kwa sababu vumbi lake linapitisha umeme na kuunganisha vipande visivyotakiwa kuungana. Nilijifunza kwamba mota ya kuwashia gari ikikwama usiikalie na ufunguo: mota inayozunguka hujizuia kula umeme mwingi, ila iliyokwama hula bila kushiba, na waya wake huiva kama maandazi. Kuna dereva mmoja wa barakisi aliyepuuza hilo mara tatu, na mara ya tatu Papa Byamungu alimkabidhi waya uliokaangika akamwambia aende nao kwa mkewe, atamwekea chumvi.

Halafu siku moja utani ulizidi kipimo. Gereji ilijaa wateja, Papa Byamungu anamwonyesha mmoja wao jambo kwa vidole vyake vitatu. Afande, kwa kuchekesha tu, akaja nyuma yake, akaushika ule mkono wa kulia akaushusha, akainua wa kushoto wa mzee mbele ya watu wote. "Huyu ndiyo ya mota," akasema. Watu wakacheka. Papa Byamungu hakucheka. Alichukua koti lake ukutani, akakunja vitambaa vyake vya kufungia waya, akapanda gari la kurudi Nakivale. Afande alibaki amesimama pale, na mchoro wake wa chokaa nyuma yake. Kumwomba mzee radhi alitaka, lakini sajenti hakujua kuomba, alijua kuamuru.

Nikabaki Ruti muda kidogo, nikaona gereji imekuwa baridi, nikarudi kambini nami. Nilikuta mabaya. Papa Byamungu alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala, mguu ukijikokota, mkono ukining'inia, ulimi ukiwa mzito. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mkono uliobaki ni ule wa kushoto. Aliuficha chini ya blanketi. Alikula mlango ukiwa umefungwa. Watu wakija kumjulia hali aliwaitikia kwa kichwa, maana kuwasalimia kwa kushoto hakuweza, na kanisani aliacha kwenda kwa sababu hiyohiyo. Nilipomwambia nitampelekea habari Afande, akakataa katakata.

"Asinione na huu mukono," alisema.

Ni katika siku hizo Mama Sifa alinijia. Mama Sifa alikuwa mjane, mwenye mashine ya kusaga unga pale Juru, humo humo kambini, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Injini yake ilitolewa kwenye trekta kuukuu na ikawa inawashwa kwa kuzungushwa na chuma cha mkono. Wale mliowahi kuushika ule mkono wa chuma mnajua ulivyo na hasira: injini ikirudisha pigo, unakupiga. Ulimpiga Mama Sifa, ukamvunja mkono, na mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo shemeji yake, Elia, ndiye aliyekuja kila asubuhi kuiwasha. Mwanzoni alikuja kusaidia. Baadaye akawa anachagua nani asage kwanza. Mwishoni akasema mbele za watu kwamba mashine ni ya yule anayeiamsha, na yeye ndiye anayeiamsha, basi aihamishie kwake.

Wazee wa kanisa walikaa na jambo hilo. Wakaamua hivi: Jumamosi ijayo Mama Sifa ajaribu. Akiweza kuiamsha mashine mwenyewe, bila Elia, ni yake na watoto wake na neno liishe. Asipoweza, Elia aichukue, na yeye atasagiwa unga wake.

"Mapendo," akaniambia, "nimesikia magari yanaamka kwa kidude cha umeme. Weye unajua ile kitu. Hii mashine haiwezi kuamka vile?"

"Inaweza, mama."

"Na mikono yangu hii?"

"Kwa kidole kimoja, mama."

Aliketi juu ya gunia la mahindi akafunika uso kwa kitenge, na mimi nikajua nimeahidi kitu nisichoruhusiwa kukikosa.

Injini ya trekta ilikuwa bado na meno kwenye gurudumu lake zito, ila mota ya kuwashia, sisi tuliita dimareri na Afande aliita sitata, ilikuwa imepotea zamani. Nilikwenda Ruti, Afande akanichimbulia moja ya lori la jeshi kutoka kwenye chuma chakavu. Alikuwa mwema sana siku ile, aliniuliza habari za kila mtu isipokuwa za mtu mmoja. Akaahidi kunitumia na betri kwa dereva wa ndizi, hiyo Jumamosi asubuhi.

Tatizo lilikuwa hili. Kwenye lori, dimareri ile ilikaa upande wa pili wa gurudumu kuliko ambavyo ingekaa kwenye injini ya Mama Sifa. Kwa hiyo ilibidi izunguke kinyume. Kigia chake kidogo, kinachorukia meno ya injini, nilikipata cha upande unaotakiwa kutoka dimareri nyingine iliyokufa. Waya za ndani zilikuwa zimekatwa na mtu aliyetafuta shaba, hivyo hapakuwa na alama ya kunionyesha zilivyokuwa mwanzo. Nilizifunga upya kwa vitambaa na vanishi, nikakaa mlangoni kwangu kuamua ncha ipi iende wapi. Betri sikuwa nayo ya kujaribia. Nilikuwa na vidole tu.

Nikaukumbuka ule mkono wa ukutani. Nikainua mkono wa kushoto, nikavihesabu vidole kama nilivyozoea tangu siku ya kwanza, nikaunganisha, nikafunga boliti. Nililala vizuri kabisa.

Jumamosi Juru yote ilikuwa pale. Wazee wa kanisa walipewa viti, wanawake walisimama na ndoo zao za mahindi, Elia aliegemea mlango na ule mkono wa chuma begani. Papa Byamungu, baada ya kumsihi sana, tulimleta kwa baiskeli, nikamketisha karibu, blanketi hadi kifuani. Betri ilifika na ndizi. Nikaunganisha, nikamwita Mama Sifa, nikamwonyesha kitufe.

Akasema sala fupi, akabonyeza. Dimareri ikalia kwa nguvu. Ikalia tu. Kigia hakikurukia meno, kiliteleza, na injini haikutikisika. Ilikuwa inazunguka kinyume. Mama Sifa akaondoa kidole taratibu akanitazama.

Elia akauhamisha tu mkono wa chuma kutoka bega hili kwenda bega lile. Watu wakaanza kunishauri, maana kwenye shida ya mtu mafundi huota kama uyoga. "Geuza betri," mmoja akasema. "Ndiyo, geuza betri, weka nyaya huku na huku." Nami nikageuza, kwa aibu nilikuwa sifikiri tena. Mama Sifa akabonyeza. Ikalia vilevile, ikazunguka kulekule.

Mkumbuke hili mpaka mfe. Ndani ya dimareri, sumaku nayo ni ya umeme, imesukwa kwa waya, na umeme ule ule unapita kwenye sumaku na kwenye fremu. Ukigeuza betri umegeuza sumaku, na umegeuza fremu pia. Ukigeuza vyote viwili, hujageuza kitu. Lazima ugeuze kimoja.

Mzee mmoja wa kanisa akakohoa, akaanza kusema kwamba basi, Mungu ameonyesha. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye mavumbi, mkono wa kushoto hewani, nahesabu kwa sauti: dole gumba kuran, cha pili sumaku, cha katikati nguvu. Nikarudia. Jibu lilikuwa lilelile la nyumbani, na lilikuwa la uongo.

"Mapendo."

Ilikuwa sauti ya Papa Byamungu, nzito, ya polepole.

"Huo mukono ni ya nani?"

"Ni wa Afande, papa."

"Na vidole?"

Nikavitazama vidole vyangu, nikasema, "Ni vyako, papa."

Nilikuwa nimechukua mkono kwa mmoja na majina ya vidole kwa mwingine. Nilijua nimekosa, lakini kichwa kilikuwa kimefungika, na majina ya Afande hayakuja kabisa. Nilimtazama mzee nikiomba aniambie. Akafungua mdomo, maneno yakagoma kwenye ulimi. Akajaribu tena, yakagoma. Watu wote walikuwa wanamtazama sasa.

Blanketi likasogea. Papa Byamungu akatoa mkono wa kushoto, mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya wanawake na watoto, akauinua juu ya kichwa chake, na kwa kazi kubwa akavinyosha vidole vitatu. Alivichezesha kimoja kimoja akinitazama usoni. Dole gumba. "Nguvu," akasema. Cha pili. "Sumaku." Cha katikati kilichelewa, kikanyoka. "Kuran."

Sikungoja. Nilifungua boliti, nikaitoa dimareri, nikaiweka juu ya gunia, nikafungua kifuniko cha nyuma na kubadilishana ncha mbili za waya wa sumaku. Fremu sikuigusa. Nilipomaliza kuifunga, vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu na sikuwa nimesikia.

Mama Sifa akaja, akakiweka kidole kwenye kitufe kwa ule mkono wake uliounga vibaya. Dimareri ikalia, kigia kikaruka kikauma meno, gurudumu likazunguka kwa uzito, mara moja, mara mbili, na injini ikakohoa ikaamka. Moshi ulitufunika. Wanawake walipiga vigelegele hata sikuisikia injini yenyewe. Yule mzee wa kanisa aliyeanza kusema alimaliza kwa kusema lingine, kwamba neno limeisha. Elia aliuegemeza mkono wa chuma ukutani, na niseme haki yake, alikuwa wa kwanza kumwagia mashine mahindi.

Mama Sifa alimwendea Papa Byamungu akapiga goti, akanyosha mkono kumshukuru. Mzee akautazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa bado nje ya blanketi. Akampa. Mama Sifa akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akaushika kwa muda mrefu.

Afande alikuja siku chache baadaye kudai betri yake. Dereva wa ndizi alikuwa ameshamsimulia yote, na aliponiona tu alinikaripia. "Wewe nyabo, mama, kwangu nasema betri, betri, mzee naumwa hapana sema. Kwa nini?" Sauti ilikuwa ileile, ila macho yalikuwa mekundu. Nikampeleka.

Papa Byamungu alikuwa ameketi nje, mlango wazi, anakula muhogo kwa kushoto. Alipomwona Afande aliweka sahani chini. Afande akasimama mbele yake kama mtu anayesubiri kukaguliwa. Basi mzee akamnyoshea ule mkono.

"Afande. Shika, ni mukono yako."

Afande hakuushika mara moja. Aliketi chini, mavumbini, sajenti mzima. Akainua mkono wa kulia, akanyosha vidole vitatu, na akaanza kuvitaja polepole kama mwanafunzi: dole gumba umeme, hii ya pili sumaku, hii ya katikati nguvu. Alivipatia vyote.

"Mzee, mimi nashika ya kwako," akasema. "Ile siku ya gereji, mimi nakosa."

Papa Byamungu alimtazama, kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha upande mmoja. "Sasa weye umegeuza," akasema, "na miye nimegeuza."

Nikacheka nami, maana nilijua anakokwenda. "Mmegeuza vyote viwili, papa."

"Njo vile. Iko inazunguka tu kule kule."

Wakashikana mikono, wa kushoto na wa kulia, vibaya vibaya, vidole vikigongana. Kule Juru Mama Sifa alikuwa anasaga, tuliisikia mashine mpaka hapo tulipoketi. Afande alikaa hadi jioni akala muhogo, na aliporudi Ruti aliiacha betri.